Mishkaki ya makaroni: kitafunwa cha sherehe kinachofika Muleba kikiwa kizima

Leo nataka tuongee na wale mnaopika bites nyumbani na kuuza kwa stetasi ya WhatsApp, hasa mlioko Bukoba mjini mnaopata oda za Muleba, Kamachumu na Nshamba. Mnajua shida yetu. Sambusa ikifika Muleba imelegea. Chipsi usiongelee kabisa. Keki ndogo zinafika zimebonyea upande mmoja kama zimekaliwa, na pengine zimekaliwa kweli.

Kuna kitu kimoja hakilegei njiani, hakihitaji kupashwa moto na kwenye picha kinavutia kuliko sambusa: makaroni yaliyotungwa kwenye kijiti pamoja na kababu ndogo, hoho na nyanya, yakapakwa mchuzi wa ndimu. Huliwa baridi. Mgeni anashika kijiti kwa mkono mmoja, soda mkono wa pili, hahitaji sahani. Kwa kipaimara, ubatizo, sendofu, kicheni pati na mahafali ya watoto, ndo chenyewe.

Kabla hujakimbilia dukani, waitu, tuelewane. Hakuna Mhaya atakayetoka kwenye sherehe akasema ameshiba makaroni. Ndizi na nyama viko pale pale. Hivi vijiti ni vya ule muda ambao kadi inasema saa nane na bibi harusi anaingia saa kumi na moja, wageni wamekaa chini ya turubai wanaangaliana. Hapo ndipo unapopigia hesabu: vijiti vitatu kwa kila mgeni vinatosha kama chakula kikubwa kipo. Ukipeleka sita, mwenye sherehe anabaki na vijiti na wewe unabaki na lawama.

Sasa jikoni.

Tafuta makaroni ya mirija mifupi, yale yaliyokatwa mshazari, maana kijiti kinapita vizuri. Yaliyopinda kama kiwiko pia yanafaa, ila kijiti kipite kuta zote mbili, huku na huku, la sivyo yanazunguka na kudondoka. Ya kama kipepeo ni mazuri kwa picha lakini hupasuka katikati usipokuwa mwangalifu. Kujua pakiti itatoa vijiti vingapi usikisie. Pima gramu 50, hesabu vipande, zidisha kwa kumi, umeshapata idadi ya pakiti ya gramu 500. Toa vichache vitakavyopasuka.

Chemsha maji mengi: lita moja kwa kila gramu 100 za makaroni, na kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi kwa kila lita. Maji machache yanafanya makaroni yashikane, na makaroni yaliyoshikana hayatungiki. Na hapa kuna jambo ambalo pakiti haikuambii. Dakika zilizoandikwa pale zinakadiria maji yanayochemka nyuzi 100. Sisi hatuko usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu, kwa hiyo Bukoba maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, na ukipanda Kamachumu ni chini kidogo ya hapo. Makaroni yatachukua muda zaidi ya ulioandikwa. Usiangalie saa, onja. Unataka yaive lakini yawe na ugumu kidogo katikati unapouma, kwa sababu yakiiva sana kijiti kinayachana.

Mwaga maji kwenye chujio, kisha yasuuze haraka kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Siyo ya bomba moja kwa moja, kwa sababu haya makaroni hayatarudi tena motoni. Yatikise, yapake mafuta ya alizeti kijiko kikubwa kimoja au viwili, yatandaze kwenye trei pana. Yatandaze, usiyarundike. Nitakuambia kwa nini baadaye kidogo, na nililipia kujua.

Kababu: nyama ya kusaga, kitunguu kilichokatwa kidogo sana, tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, pilipili manga, chumvi, yai na chenga za mkate za kushikilia. Viringisha vidonge vya gramu 15, kama ukubwa wa golori kubwa. Kaanga au oka hadi ndani kusibaki wekundu. Kikubwa zaidi ya hapo kinakilemea kijiti na kinakula faida yako. Anayetaka bila nyama muwekee tango, au karoti iliyochemshwa kidogo. Chizi pia inapendeza, ila angalia bei kwanza, na kama mteja hajalipia chizi usimpe chizi.

Nyanya ndo zinazoharibu. Zile kubwa za sokoni zina maji, ukizikata vipande zinalowesha boksi zima. Tafuta ndogo ndogo uzitunge nzima, au kata kubwa, toa mbegu na maji, tumia nyama yake tu. Hoho za rangi mbili zikipatikana chukua, picha itakushukuru.

Mpangilio ninaoupenda: kababu, makaroni, hoho, makaroni, nyanya. Kababu ikae chini karibu na mkono, isimame kama kitako. Vijiti vya mishkaki ni virefu, vikate katikati kwa mkasi, kijiti kimoja kinakuwa viwili. Kama sherehe ina watoto wengi kata na ile ncha kali ukishamaliza kutunga. Mtoto anayekimbia na kijiti mdomoni sitaki hata kumfikiria.

Mchuzi: mafuta ya alizeti vijiko vikubwa vinne, maji ya ndimu viwili, kitunguu saumu kidogo kilichopondwa, chumvi, pilipili manga, giligilani nyingi. Tikisa kwenye chupa, paka kwa brashi au nyunyiza. Utengeneze siku ileile, usiuweke kabatini kwa wiki nzima, maana kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta si kitu cha kukaa nje ya friji. Na tafadhali, mayonezi ya kujitengenezea kwa mayai mabichi usiyapake kwenye kitu kinachosafiri.

Wenzangu wa vijijini ambako duka lina tambi tu, msikate tamaa. Kata soseji vipande vya sentimita mbili au tatu, chukua nyuzi nne tano za tambi kavu, zichomeke zitokee upande wa pili, halafu chemsha vyote pamoja hadi tambi ziive. Inatoka soseji yenye ndevu huku na huku. Chomeka kijiti cha meno. Watoto wanagombania, na wakubwa wanajifanya wanachukulia watoto.

Kuna aliyewahi kuniuliza kuhusu senene. Msimu ukifika, Novemba na Desemba, watu wetu wanaotoka Dar wanataka kuwaona mezani. Usiwatunge, waliokaangwa vizuri wanavunjika, na wakikaa karibu na mchuzi wa ndimu wanalegea. Waweke kwenye kikombe kidogo katikati ya trei, wakavu. Na umwambie mwenye sherehe awaonye wageni wenye mzio wa kamba wa baharini, maana miili yao inaweza kukataa na senene pia.

Sasa nije kwenye lile nililolipia.

Oda yangu ya kwanza ya Muleba ilikuwa vijiti 120 vya kipaimara. Nilitaka kuwa mjanja, nikapika makaroni usiku, nikayafunika kwenye sufuria yakiwa bado ya moto ili yasikauke, nikalala. Asubuhi nikatunga, nikapanga kwenye boksi zuri lenye foili, nikampa konda stendi. Sikuweka barafu hata chembe. Gari likakaa stendi likisubiri abiria, boksi liko juu ya mizigo, jua linapiga. Saa nane mchana mteja akanipigia. Hakupiga kelele, na hilo ndo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Dada, hivi vitu vinanuka uchachu. Nimevimwaga." Wageni walikuwa wameshakaa. Nilirudisha hela yote usiku uleule, na kwa bahati hakuna aliyekuwa amekula. Konda sikumlaumu, kosa lilianzia kwenye sufuria yangu.

Kilichotokea ni hiki. Vyakula vya wanga kama wali, tambi na makaroni huweza kuwa na bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikishapoa polepole na kukaa vuguvugu, zinaamka, zinaongezeka, na baadhi hutoa sumu inayomfanya mtu atapike ndani ya saa chache. Na ile sumu hata ukipasha chakula upya haiondoki. Sufuria lililofunikwa usiku kucha ndo kitanda chake hasa. Ndiyo maana nimesema tandaza kwenye trei: makaroni membamba yanapoa haraka, mlima wa makaroni unabaki vuguvugu katikati kwa masaa.

Shirika la Afya Duniani lina kanuni rahisi, nayo ndiyo nimeibandika ukutani kwangu: chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na cha kuhifadhi baridi kikae chini ya nyuzi 5. Bukoba yetu ina hewa nzuri, mvua na upepo wa ziwa, na hilo linatudanganya. Mkono wako unahisi ubaridi lakini nyuzi 24 kwa bakteria ni sikukuu.

Kwa hiyo ukiuza vijiti hivi kwenda Muleba, kitu unachouza hasa ni ubaridi. Makaroni kila mtu anaweza kuchemsha.

Ratiba yangu ya sasa kwa sherehe ya Jumamosi mchana iko hivi. Ijumaa jioni napika kababu, nazipoza kwenye trei, zinaingia friji kabla sijala. Mboga naosha na kufuta maji. Chupa za maji nazigandisha tangu Alhamisi, zile za nusu lita, nyingi kadiri friji inavyoruhusu. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nachemsha makaroni, saa kumi na mbili tunatunga mimi na msaidizi, na kila trei ikijaa inaingia friji, haisubiri mwenzake. Saa mbili asubuhi nafunga. Gari la saa tatu. Safari yenyewe ni zaidi ya saa moja, lakini mimi nahesabu tatu, kwa sababu kuna kusubiri stendi, kushusha Kemondo, kushusha Muhutwe, na kumtafuta anayepokea.

Deli la barafu ukiwa nalo, sawa. Kama huna, hotipoti kubwa inafanya kazi ileile. Tumezoea kuweka vya moto, lakini inatunza na baridi. Weka chupa zilizoganda chini na nyingine juu, maana ubaridi hushuka. Barafu ya vipande usiweke wazi, ikiyeyuka inaogesha chakula. Vijiti vikae kwenye vyombo vyenye mifuniko, vilale vichwa huku na vitako kule, safu mbili tu. Mchuzi weka kwenye chupa yake, utapakwa huko huko. Mambo ya kufunga kwenye rambo yasahau, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na zaidi ya hapo haina heshima kwenye sherehe ya mtu. Boksi, jina lako, namba ya mpokeaji kwa herufi kubwa, basi.

Ndani ya boksi mimi naweka kikaratasi: "Tunza kwenye barafu hadi wageni wakae. Vikishatoka, viliwe ndani ya saa mbili. Vilivyobaki visiwekwe kwa kesho." Halafu nabakiza vijiti vinne kwangu kwenye friji hadi Jumatatu. Siku mtu akisema kaumwa tumbo, nina cha kuangalia, na yeye anaona kwamba sijifichi. Hadi leo vimenisaidia mara moja.

Tuje kwenye hela, maana hapa ndo wengi tunafanya kazi ya kujitolea bila kujua. Nachukua mfano wa vijiti 200. Bei ni za mfano, wewe weka za sokoni kwako. Nyama kilo tatu 36,000, makaroni pakiti mbili 6,000, mboga na ndimu 10,000, mafuta na viungo 8,000. Jumla 60,000. Gawanya kwa 200, kijiti kimoja shilingi 300. Ukiuza 500 unasema, "Nina faida 200 kila kijiti, elfu arobaini hiyo!"

Haya, subiri. Vijiti vyenyewe 4,000. Mkaa au gesi 5,000. Maboksi na foili 6,000. Barafu na umeme wa kugandishia 3,000. Mzigo kwenye gari 6,000. Boda hadi stendi 2,000. Msaidizi 10,000. Hiyo ni 36,000 ambayo hukuiona. Gharama halisi 96,000, yaani 480 kwa kijiti. Ile faida ya elfu arobaini imekuwa elfu nne, na umeamka saa kumi na moja alfajiri. Ukiuza 700 unapata 140,000, unabaki na 44,000. Mteja akisema 700 ni ghali, mpunguzie vitu, usipunguze bei: toa kababu weka tango, au aje achukue mwenyewe hapa mjini, gari na boda vitoke kwenye hesabu. Barafu haitoki. Mtu wa Kashai au Hamugembe ambaye anachukua saa nne kwa sherehe ya saa nane bado anahitaji barafu.

Na malipo ya awali ni nusu, kabla hujaenda sokoni. Kwenye mfano wetu nusu ni 70,000, inanunua vitu vyote vya chakula na chenji inabaki. Hata mtu akiahirisha, hujaweka mtaji wako kwenye kababu za mtu. Mwandikie wazi kwamba akighairi ndani ya siku mbili nusu hairudi. Ukimwambia kwa mdomo tu, siku ya ugomvi kila mtu anakumbuka lake. Iliyobaki ilipwe mzigo ukiwa umefungwa na umempigia picha, kabla haujaingia kwenye gari. Wapo wanaoona aibu kumwambia hivyo shangazi au jirani. Mimi namwambia, "Shangazi, gari likishaondoka sina namna ya kukudai kwa heshima," anacheka, analipa.

Kwenye stetasi piga picha zako mwenyewe. Picha uliyochukua mtandaoni ina zeituni na chizi za Ulaya, mteja akipokea hoho na kababu anakuona tapeli hata kama chakula ni kitamu. Trei iweke karibu na mlango asubuhi, mwanga wa jua usio mkali, zima flashi, chini weka jani la mgomba lililooshwa. Bei iandike. Mambo ya "njoo inboksi" kwa mtu wa Muleba mwenye bando la mwisho ni kumfukuza. Andika hivi: "Mishkaki ya makaroni na kababu, 700 kwa kijiti, kuanzia vijiti 50. Oda siku tatu kabla. Muleba tunatuma ikiwa kwenye barafu." Mtu akija na oda, muulize mambo matano kabla ya bei: tarehe, saa wageni wanakaa (siyo saa ya kwenye kadi), idadi ya watu, nani anapokea mzigo na simu yake, na kama pale penye sherehe kuna friji au kivuli. Hilo la mwisho wengi hawaulizi.

Kwa wanaotaka kuifanya hii kazi kwa muda mrefu, nenda kwa afisa afya wa kata yako uulize utaratibu wa kupimwa afya kwa wanaoshika chakula cha kuuza. Cheti chako ukikipiga picha na kukiweka kwenye stetasi kinauza kuliko maneno.

Kabla ya kuchukua oda yoyote, fanya jaribio hili wiki hii. Tunga vijiti 20, vifunge na chupa mbili zilizoganda kama vile vinaenda Muleba, viache pembeni kwa saa tatu bila kufungua. Kisha fungua: gusa chupa kama bado zina barafu ndani, angalia kama kuna maji chini, shika kijiti kwa kitako utikise. Kama makaroni yamechanika, uliyaivisha sana.